Pima Nne

Mie si mwongo. Nnaanza na hilo kwa sababu najua mtakavyosema mkishanisikiliza, na nnataka mjue kwamba miaka yangu yote ya Unguja hapana mtu aliyewahi kunishika na uwongo wa maana. Uwongo wa kumwambia mke chakula kitamu, huo mnao nyote, msinitolee macho. Lakini uwongo nilioutia mwaka sitini na saba, mchana kweupe, ndani ya mtumbwi, ulikuwa wa neno moja tu, na mpaka leo unanirudia kifuani kama kiungulia.

Tulikuwa tunaishi Sidab, kijiji cha wavuvi nyuma ya majabali ya Maskati, nyumbani kwa Ami Thani, ndugu wa marehemu baba yangu. Tulikuwa watatu juu ya mgongo wake: mie Majid, mke wangu Kheiria, na Harub, mdogo wake Kheiria. Tulitoka Unguja na masanduku mawili ya bati, tukatangatanga Mombasa na Dubai miaka miwili na ushei, na Ami ndiye aliyetudhamini hata tukaruhusiwa kuingia. Wema huo siukani. Lakini wema wa Ami ulikuwa na ulimi, yakhe! Ujanani alikaa Unguja miaka kumi akiuza nguo Darajani, kwa hiyo Kiswahili alikijua kiasi cha kutosha kumchoma mtu. Kila mchana sinia likitua, alimtazama samaki, akanitazama mie, akamtazama Harub.

"Wanaume wawili ndani ya nyumba," husema, "na samaki nnanunua kwa watu. Huko kwenu mlikuwa mkivua nini, nazi?"

Harub akicheka. Yeye alikuwa na tabia ile, kijana wa miaka ishirini na nne, moyo wake mweupe, neno linampitia. Mie halinipiti. Nikajiapiza kwamba iko siku mzee huyu nitamziba mdomo.

Na siku za kuvumilia zilikuwa zimebaki chache, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Harub alijifunza simu ya upepo Unguja, ile mitambo ya kupokea na kupeleka habari, na kampuni ya mafuta, ng'ambo ya Matrah, ilikuwa inatafuta mtu wa kazi hiyo. Walishamsikiliza Kiingereza chake, walishamjaribu kwenye mtambo, wakampenda. Lililobaki ni kumuona daktari siku ya Jumamosi, basi, khalas, kazi yake. Kheiria alikwishapanga kila kitu. Tungepanga vyumba viwili Matrah, tungekuwa na sinia letu wenyewe. Harub kalelewa na yeye tangu mama yao alipofariki, kule Wete, na mtoto wa miaka sita akiwa hajui kufunga hata msuli. Alimtazama ndugu yake siku zile kama mtu anayetazama mwezi wa Idi.

Jumatano asubuhi Ami kaamka na maneno yake. Goti lilikuwa limemshinda tangu mwaka uliopita, na mtumbwi wake ulikuwa umelala ufukweni bila kazi. "Mtumbwi ule pale," kanambia. "Mshipi ni mmoja, ndoana ni moja. Nenda kaniletee hamur, kama mkono unajua. Ukiupoteza mshipi wangu usirudi." Hamur ndiye yule samaki tumwitaye chewa, mnene, mdomo mpana, anakaa kwenye mapango ya chini. Ami alikuwa anacheka alipoyasema yale, lakini mie nilishapanda mori. Nikamwita Harub, nikachukua mshipi.

Kheiria katufuata mpaka mlangoni. "Majid, nirudishie ndugu yangu mzima. Jumamosi haiko mbali."

"Ebo! Kwani nampeleka vitani?"

"Mie nnasema tu," kajibu. "Wewe ukishikwa na hasira hujijui."

Tulipiga makasia kiasi cha saa moja kwenda mashariki, tukaingia katika ghuba ndogo aliyotuelekeza Ami. Majabali yameizunguka pande tatu, na mdomo wake mwembamba hata bahari haipati nafasi ya kuingiza wimbi. Ungedhani ni ziwa. Na maji yake! Mie nimezaliwa pwani, lakini maji kama yale sijayaona. Kwetu ukiona mchanga wa chini basi maji yanakufika kifuani, au yakizidi sana ni pima mbili tatu. Pale ulikuwa unaona kila kitu, kokoto, kombe, kivuli cha mtumbwi wetu kinatembea juu ya mawe, na ungeapa ukinyoosha kasia utagusa.

"Maji mafupi haya," kasema Harub akichungulia.

"Tutaona," nikasema.

Chini ya jabali la kushoto palikuwa na pango, na mlangoni mwa pango palikuwa na chewa. Alikaa tu, katulia kama bawabu, mashavu yanafunguka na kufungika. Mkubwa huyo, mwenzangu! Nikatia ngisi kwenye ndoana, nikaanza kushusha.

Sasa hapa nisikilizeni. Kwetu mtu anayeshusha mshipi anahesabu. Ananyoosha mikono yake miwili, huo urefu ni pima moja, anaachia, ananyoosha tena. Anahesabu hata kama anazungumza, hata kama anaimba, mikono yenyewe inahesabu. Na mtu mwengine chomboni akitaka kujua kina cha maji anamuuliza huyo aliyeshika mshipi. Akijibu, amejibu. Hapana anayeshusha mshipi wa pili kuhakikisha. Ni sawa na kumwambia mtu arudi akatie udhu mbele yako kwa kuwa hukumuona akitia.

Nilihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, risasi ya kuzamishia mshipi bado inakwenda. Tano. Sita, saba. Nikashangaa, maana jicho lilikuwa limeniambia tatu. Nane. Kwenye tisa risasi ikagusa jiwe, mshipi ukalegea. Pima tisa. Nilizihesabu mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Chewa hakujivunga. Alimfuata ngisi hatua mbili, akamvuta, na mie nikamkaza. Loo! Mshipi ukanichana kidole, mtumbwi ukainama, Harub akapiga kelele za furaha. Kisha yule samaki akageuka, akaingia pangoni. Chewa akikuwahi pangoni anatanua mashavu na mapezi, anajibana kwenye jiwe, na hapo hata wakivuta watu wanne mshipi utakatika na yeye atabaki. Dawa yake ni kumlegezea umngoje. Nikalegeza. Tukangoja. Jua likapanda, likatupiga utosini. Nikakaza, wapi! Nikalegeza tena.

Harub kachungulia, mkia wa chewa unaonekana kidogo mlangoni. "Nimfuate, shemeji?" kaniuliza. "Nikimtekenya tu mkiani atatoka. Maji kiasi gani?"

Nilikuwa nimeshamuona yule chewa kwenye sinia. Nilikuwa nimeshauona uso wa Ami. Na nikafikiri, nikisema tisa kijana huyu ataniambia kata mshipi twende zetu, ana mtihani Jumamosi, ana haki ya kusema hivyo. Na mie nitarudi Sidab mikono mitupu, bila samaki, bila mshipi wa mzee, na yale maneno ya nazi nitayala mpaka nife. Haya yote yalinipitia kwa muda wa kupepesa jicho. Msiseme sikufikiri. Nilifikiri.

"Nne," nikasema.

"Pima nne?"

"Nne. Labda na kidogo."

"Aka, nne tu!" kasema Harub, na tayari keshavua fulana. Akafungua jiwe la nanga kwenye kamba yake, akalikumbatia kifuani, akavuta pumzi, akajitupa.

Nilimuona mwanzo hadi mwisho. Maji yale hayafichi kitu, na hiyo ndiyo adhabu yangu ya kwanza. Nilimuona anashuka na jiwe, kichwa chini, kasi, anakuwa mdogo, mdogo zaidi, na mawe ya chini bado yako mbali naye. Nikapiga ukelele, kana kwamba mtu aliye chini ya maji anasikia. Kisha nikamuona anashtuka, mwili mzima, kama mtu aliyepigwa kofi. Jiwe likamtoka likaenda zake chini. Mikono ikashika kichwa. Akageuka, akaanza kuogelea, lakini hakuja juu, alikuwa anakwenda upande, kisha anarudi, kama mtu aliyepotea ndani ya chumba chake mwenyewe gizani. Ya Rabbi! Nilikuwa nimeshavua kofia nimtumbukie, na mie kuzamia sijui. Hapo mkono wake ukagusa mshipi. Akaushika.

Nikavuta. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na alikuwa mzito, na kisha nikahisi uzito mwengine, wa chini zaidi, unaopiga na kuvutana. Chewa alikuwa ametoka pangoni. Walikuwa wawili kwenye mshipi mmoja. Na nitalisema hili kwa sababu nisipolisema hapana faida ya kusema mengine: kwa muda wa kuvuta mikono miwili mitatu, shemeji yangu akiwa bado yuko chini ya maji, mie nilifurahi kwamba samaki ametoka.

Harub akaibuka. Nikamshika kwapani, nikampandisha. Damu ilikuwa inamtoka sikio la kushoto, imechanganyika na maji, inateremka shingoni. Alilala sakafuni mwa mtumbwi, akatapika, akashika ubao kwa mikono yote miwili kana kwamba tumo ndani ya tufani, na ghuba nzima haikuwa na wimbi hata moja.

"Inazunguka, shemeji. Dunia inazunguka."

"Tulia. Tulia, babu. Pumua."

Nikampandisha na chewa pia. Ndiyo, nilimpandisha. Nilimuacha Harub anatetemeka, nikamvuta yule samaki mpaka ndani, nikampiga kichwani kwa kasia.

Baadaye kidogo Harub akafumbua macho. "Pupa zangu," kasema. "Nimeshuka kama gunia la chumvi. Pima nne zinanishinda mie! Nimezeeka, wallahi." Na akajaribu kucheka.

Nilifungua mdomo. Mungu ananiona, nilifungua mdomo nimwambie, na neno lilikuwa liko hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Pumzika."

Njiani kanambia, "Usimwambie dada. Atatia kilio bure. Litapoa hili mpaka Jumamosi." Nikamkubalia. Nilimkubalia upesi sana, na nilijua kwa nini.

Ami Thani alimpokea chewa yule kama mgeni aliyetoka Makka. Kaita majirani waje wamuone. Kanipiga bega, kanibusu kipaji. "Leo nimeona mwanamume! Mtoto wa ndugu yangu huyu!" Maneno niliyoyangoja miezi minane, na kila moja lilikuwa linanipiga. Kheiria alimpika kwa wali na mchuzi wa ndimu, na sinia lilipotua Ami kanivunjia kichwa cha samaki kwa mkono wake, kakiweka mbele yangu. Nikala. Nilitaka kukataa, lakini ningesema nini? Nilikila chote, na nilikuwa na njaa, na kilikuwa kitamu. Astaghfirullah.

Harub alikaa mkono wa kulia wa Kheiria, sikio lake la kushoto likimwelekea dada yake. Kheiria kamuuliza mara mbili kama anataka ndimu zaidi. Hakujibu. "Mkubwa huyu tayari," kasema Kheiria akicheka, "kazi hajaipata na watu hatusikii." Mie nikajifanya nataka maji, nikainuka, nikarudi nikakaa baina yao. Siku tatu nilifanya hivyo. Nilikuwa kama pazia.

Jumamosi nilimsindikiza. Daktari alikuwa Mhindi mmoja mpole. Mlango ulikuwa wazi na mie nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikaona kila kitu. Alimfunika macho kwa kitambaa, akatoa saa ya mfukoni, akaileta kwenye sikio la kulia. Harub akainua mkono. Akaileta kwenye sikio la kushoto. Akaisogeza. Akaigusisha na sikio lenyewe. Harub alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, anangoja saa iletwe.

Walisikitika, kusema kweli. Mzungu mmoja wa ofisini alimwambia kwamba kazi ya simu ya upepo inataka masikio yote mawili, na kwamba kizunguzungu chake nacho hakifai kwenye mitambo. Harub akashukuru. Na kisha, sikilizeni, kabla hatujatoka, yule Mzungu kauliza kama anamjua mtu anayejua Kiingereza cha kuandika, anataka karani wa ghala. Hakuniuliza mie, alimuuliza Harub.

"Huyu hapa," kasema Harub, kaniwekea mkono begani. "Ni shemeji yangu. Kafanya ukarani Unguja miaka minane. Akikuambia kitu ni hicho hicho."

Nilipaswa kukataa. Nilikubali. Jumatatu nikaanza kazi.

Nyumbani Kheiria hakujua alie au acheke. Mume kapata, ndugu kakosa. Alipolijua lile la kuzamia, maana lisingefichika tena, akamgeukia Harub. "Nani kakutuma? Siku tatu kabla ya mtihani wako, nani kakutuma ujitie uzamiaji?"

"Hakunituma mtu, dada. Pupa zangu."

Na mie nimesimama pale pale. Kheiria akasema, "Na wewe Majid ulikuwa wapi?" Nikasema nilimkataza. Huo ukawa uwongo wa pili, na ulitoka bila taabu yoyote, njia ilikuwa imeshalimwa.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Mie nikiondoka asubuhi na shati lililopigwa pasi, na Harub akiondoka na mtumbwi wa Ami. Ndiye aliyekuwa mvuvi wa nyumba sasa. Samaki alileta, lakini alikuwa anabadilika. Kizunguzungu kilikuwa kinapungua, sikio lilikuwa limekufa moja kwa moja, na hayo mtu anayazoea. Lililokuwa likitutia hofu ni jengine. Alikuwa hazungumzi. Akirudi baharini alikaa ukutani, anatazama viganja vyake. Ukimpa ndimu tano apeleke jikoni alizihesabu, anazihesabu tena, kisha anamuita Kheiria azihesabu. Yeye, mtu aliyekuwa akipokea tarakimu kwenye mtambo bila kuandika!

Nikajisemea ni majonzi ya ile kazi, na majonzi hayo nimemtia mie. Usiku sikulala vizuri, mchana nikawa mkali ofisini, nikimfokea kila aliyenikaribia. Mtu mwenye dhambi hana adabu.

Ijumaa moja tumetoka msikitini, tuko kwenye sinia wote wanne, na Ami kaja na habari njema. Kuna tajiri mmoja Matrah, rafiki yake wa zamani, anataka mtu bandarini wa kuhesabu magunia yanaposhushwa. Mchele, sukari, tende. Kazi ya kivulini, heshima yake. Ami alikwenda mwenyewe na goti lake bovu, kamuombea Harub, kakubaliwa.

"Siwezi, Ami," kasema Harub.

"Huwezi nini? Kuhesabu magunia?"

"Hesabu zinanipotea."

Ami kacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akawaka. "Kazi nimeitembelea kwa mguu huu! Hesabu zinampotea! Wallahi nyinyi watu wa Unguja mmelemazwa na embe, mkono hautaki kazi!"

Harub kainamisha kichwa. Na Kheiria, ambaye siku zote alikuwa akimkingia, safari hii alimshukia yeye. "Mama angekuona! Nilikubeba mgongoni ufike hapa, useme huwezi kuhesabu magunia? Shemeji yako anavunja mgongo kutulisha, na wewe unatazama viganja! Huna haya, Harub? Mtazame Majid! Mtazame mwenzako alivyo mwanamume!"

Harub akainua uso akanitazama, kama alivyoambiwa. Hapana chuki machoni mwake hata tone. Na mie nikavunjika. Sikuwa nimekusudia, sikuwa nimejipanga, nilikuwa na tonge mkononi.

"Mwache, Kheiria."

"Simwachi! Nimuache kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye. Yalikuwa pima tisa."

Wakanitazama. Kheiria hakufahamu. Nikamwambia yote, haraka haraka, maneno yanagongana. Kwamba Harub aliniuliza kina, kwamba nilikuwa nimeshahesabu tisa kwa mikono yangu, kwamba nilimwambia nne. Kwamba nilimtaka yule samaki. Kwamba sikumkataza kitu. Ami aliweka tonge lake kwenye sinia. "La haula," kasema polepole.

"Ulijua?" kauliza Kheiria.

"Nilijua."

Mie nilikuwa nimekaa upande wake Harub wa kushoto, na nilikuwa nimezungumza upesi. Kageuza kichwa, kanipa sikio zima. "Sijakupata, shemeji. Pima ngapi?"

Basi ikanibidi nilirudie. Mara ya pili ni nzito zaidi kuliko ya kwanza, maana mara ya pili huna hasira ya kukusukuma. "Tisa," nikamwambia. "Hayakuwa nne. Yalikuwa tisa, na mie nilijua."

"Tisa?" Alinishika mkono. "Una hakika? Usinipoze moyo, Majid. Tisa kamili?"

"Tisa kamili."

Na uso wake, jamani, ukafunguka. Nilikuwa nangoja ngumi. Nilikuwa nimeikaza taya kuipokea. Harub alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

"Dada!" kamwambia Kheiria. "Dada, nna akili zangu! Mie nakwenda pale kila wiki kuvua. Nnashusha mshipi pale pale, nnahesabu, inakuja tisa. Nnarudia, tisa. Nnatafuta pahala pengine karibu, nnarudi, tisa. Na Majid kasema nne, na Majid hahesabu vibaya. Nikasema basi, limeharibika sikio na kichwa nacho kimekwenda. Nikaogopa kukwambia. Ndio maana nimekataa magunia, Ami, si uvivu! Nilisema nitamtia hasara mtu." Akanigeukia tena, hajauachia mkono wangu. "Kumbe mie mzima! Ahsante, shemeji. Ahsante sana kwa kunambia."

Aliniambia ahsante. Mbele ya mke wangu na ami yangu, na wali ukiwa bado wa moto. Miezi mitatu kijana yule aliona bora aamini kwamba anaingia wazimu kuliko aamini kwamba mie nimemdanganya.

Kheiria alikuwa hajasogea. Kisha alimsogelea ndugu yake upande wa kulia, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza njia.

"Harub. Angekwambia tisa, ungeshuka?"

"Ningeshuka, mbona nisishuke?" kajibu, na keshaurudia wali, ana njaa kama mtu aliyetoka kwenye homa. "Wete nilikuwa nikishuka mpaka kumi na moja. Lakini maji ya tisa hushuki na jiwe, dada. Unashuka na mshipi, mkono kwa mkono, unasimama kila pima mbili unapumzisha masikio. Unafika, unamtoa samaki wako, unarudi. Hapana tabu. Ile ya jiwe ni ya maji mafupi tu." Akanitazama akitafuna, na hakuwa na ubaya wowote. "Ungesema tu, shemeji."

Kheiria akainuka, akapakua sahani ya wali wake na wa ndugu yake, akaenda kukaa naye uani. Ami naye akainuka akamuita Harub, amweleze habari za huyo tajiri wa Matrah. Mie nikabaki na sinia.